Tuta lisilokauka: bustani ya majani kivulini kwa nyumba za Unguja na Pemba

Mwaka wa kwanza nilipanda chini ya mwembe. Uwani kwetu hapakuwa na kivuli kizito kuliko pale, na mimi nilidhani kivuli ndicho kitu chote inachotaka mimea ya majani mapana. Nikapanda kangaga, nikapanda kalathea, nikapanga kaladiamu nyekundu mbele ili zionekane kutoka barazani. Masika yote zilistawi. Kipupwe kikapita, vuli ikaja na mvua zake za kuokoteza, na kaskazi ilipoingia majani yakaanza kujikunja kingo. Nikazidisha maji. Mwezi wa Februari nikachukua jembe nikachimba nione kulikoni: vidole viwili vya juu ni tope, chini yake udongo mkavu kama unga wa muhogo, na mizizi ya mwembe imesukana humo kama wavu. Maji niliyokuwa nikimwaga kila alasiri, mwembe ndio uliokuwa ukiyanywa.

Kivuli na unyevu ni vitu viwili mbalimbali. Tangu siku ile kazi hii naifanya kinyume na nilivyoanza: kwanza natengeneza mahali pa kukaa maji, ndipo natafuta kivuli, na mche naununua mwisho kabisa. Kivuli ni rahisi. Nguzo nne na makuti machache hukupa kivuli kwa siku moja. Unyevu ndio kazi, maana visiwa vyetu vinapata mvua nyingi kwa mwaka lakini sehemu kubwa ya mvua hiyo inashuka Aprili na Mei, halafu inapenya kwenye mchanga na jiwe la matumbawe na kutuacha.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ua wa kawaida, ndoo na jembe.

Ujue umekaa juu ya udongo gani

Wakulima wetu wana majina ya udongo yanayokwambia mengi kabla hujashika jembe. Kinongo ni ule mwekundu au wa hudhurungi, wenye kina, wa upande wa magharibi wa Unguja, mahali kama Kizimbani. Kichanga kinapitisha maji kama chujio. Kinamo ni ule mzito wa mabondeni panapolimwa mpunga, ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Uwanda ni jiwe lenye udongo kidogo kwenye mashimo yake, kama Makunduchi, Jambiani na Paje, na kwa Pemba upande wa Micheweni.

Jina halitoshi, pima. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na 30 kwenda chini. Mimina ndoo ya lita 20, acha maji yote yaingie, kisha mimina ndoo ya pili na utazame saa. Yakitoweka ndani ya dakika kumi, utahitaji kutandika turubai chini ya tuta, nitaeleza hapa chini. Yakichukua saa moja hadi nne, umebarikiwa, samadi na matandazo vinatosha. Yakiwa bado yapo asubuhi ya pili, chini kuna kinamo au jiwe lisilopitisha maji: hapo majimbi yatafurahi, lakini kangaga itaoza mpaka uinue tuta juu ya ardhi.

Kipimo cha pili ni cha siki. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, dondoshea matone ya siki. Ukiona povu linachemka, udongo una chokaa nyingi. Chokaa inaufungia mmea madini ya chuma, na majani mapya hutoka ya manjano hata ukitia samadi vipi. Kwa nyumba mpya hili ni kubwa zaidi, kwa sababu mafundi huacha kifusi cha saruji na plasta papo hapo chini ya kiambaza, ndipo hasa watu wanapotaka kupanda maua. Kifusi chote kitoke. Usifukie.

Kivuli kinachohama

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe halionekani mpaka miezi sita ipite.

Unguja iko karibu digrii 6 kusini ya ikweta, Pemba karibu digrii 5. Kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, saa sita za mchana jua linakuwa upande wa kibla, maana kwetu kibla ni kaskazini. Kati ya Oktoba na Machi linakuwa upande wa kusini.

Sasa chukua ukuta wa mita 3 unaotoka mashariki kwenda magharibi. Mwezi wa Juni, saa sita za mchana, kivuli chake kinalala upande wa kusini na kinafika karibu mita 1.7. Unakuja unatazama, unasema hapa ndipo, pamepoa. Unapanda. Mwezi wa Desemba jua limehamia kusini, na mahali pale pale hapana kivuli hata cha kufunika kandambili, na wakati huo ndio wa joto kali. Upande wa kibla wa ukuta huo ndio unaopata kivuli mwezi huo, nacho ni chembamba, kama sentimita 90 tu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: tuta lipange upande wa kibla wa nyumba au ukuta, na lisizidi upana wa mita moja. Jua la Juni na Julai litalifikia, lakini huo ni wakati wa kipupwe, jua si kali na mmea unalistahimili ukiwa na maji. Linalounguza ni jua la kaskazi, na hasa la alasiri kutoka magharibi. Upande huo wa magharibi wa tuta panda migomba miwili mitatu, mita mbili kutoka ukingoni ili mizizi yake isiingie kwa wingi, au simamisha pazia la makuti. Makuti yasibane sana. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kuti na kuti, mwanga upite vipande vipande.

Kujua kama mwanga unatosha, weka karatasi nyeupe chini saa sita za mchana na nyoosha mkono wako juu yake, kiasi cha sentimita 30. Kivuli cha vidole kikionekana kimekatika vizuri, jua ni kali mno kwa kalathea na kangaga. Kikiwa hafifu, kingo zake zimefifia, ndiyo hasa. Usipoona kivuli kabisa, pana giza, na mimea itarefuka shingo ikitafuta mwanga.

Na chini ya mwembe, mfenesi au mkungu? Kama huna pengine, panda kwenye ndoo kuukuu na vyungu, uvisimamishe juu ya matofali. Ukiviweka ardhini mizizi ya mwembe itaingia kwa matundu ya chini, nimeshaing'oa kwa mikono yangu. Wala usirundike udongo kwenye shina la mti ili upate tuta, gome litaoza.

Kuchimba na kutandika

Nitaeleza tuta la mita 2 kwa mita 1, ambalo mtu mmoja analimaliza kwa siku mbili. Zingatia kwamba limekusudiwa kichanga, uwanda au kinongo kinachopitisha maji haraka. Kazi hii ifanye Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza.

Chimba shimo lenye mteremko mdogo sakafuni: ncha moja sentimita 35, ncha ya pili sentimita 45. Mteremko huu ndio siri ya tuta. Toa mawe yenye makali, mwaga mchanga mwembamba chini, kisha tandika turubai la mita 3 kwa 2. Turubai kuukuu linafaa, alimradi halijachanika. Kwenye ile ncha ya kina kifupi toboa sakafuni matundu manne kwa msumari wa inchi nne. Ncha yenye kina usiitoboe. Maji yakizidi yatatokea kwenye matundu ya juu, na yale ya sentimita 10 za mwisho yatabaki chini kama akiba. Umepata tuta moja lenye tabia mbili: huku majimajini, kule baridi bila kuzama.

Chini kabisa panga makumbi mazima, tabaka la sentimita 10, tumbo lake likitazama juu kama bakuli. Wakulima wa minazi hufanya hivi kwenye shimo la mche, na sababu ni ile ile: kumbi linashika maji na kuyatoa polepole.

Lakini makumbi yana jambo lake. Shangazi yangu wa upande wa kusini amesokota kamba za usumba maisha yake yote. Nilimwendea kuomba gunia mbili za mabaki, nikayakuta yamerundikwa nyuma ya jiko, bado na tope la pwani.

"Unakwenda kuyafanyia nini, mwanangu?"

"Kutilia maua, shangazi."

Akaokota uzi mmoja wa usumba, akaulamba kwa ncha ya ulimi, akanipa na mimi. "Onja. Haya yamelala pwani miezi. Ukiyatia hivi, hilo tuta lako ni tuta la chumvi."

Kweli ilikuwa chumvi tupu. Akaniamuru niyaloweke kwenye pipa kwa maji ya mvua, nimwage, niloweke tena, na nisiache mpaka nionje nisisikie kitu. Ilichukua maji manne. Hata makumbi mabichi ya sokoni ambayo hayajafika pwani yaloweke mpaka maji yaache kutoka rangi ya chai.

Juu ya tabaka la makumbi, utahitaji ndoo kama 30 za mchanganyiko. Mimi natia ndoo 12 za kinongo, 9 za samadi ya ng'ombe iliyooza au mboji, na 9 za usumba au makumbi yaliyokatwakatwa kwa panga na kuoshwa. Samadi iwe imekaa angalau miezi mitatu, ukiishika haina joto wala harufu kali. Ya kuku ni ya moto zaidi, ikae muda mrefu na uitie kidogo. Ukiwa unakaa uwandani, kinongo itakubidi uagize kwa gari la ng'ombe, na muulize mwenye gari kimechimbwa wapi. Kikiwa cha karibu na bahari, onja kama shangazi.

Jaza mpaka juu, ongeza ndoo tano zaidi ili tuta libenuke, kwa sababu litashuka. Mwagilia, kisha liache wiki mbili lijikalie kabla hujapanda. Kwa kinamo usitumie turubai kabisa. Inua tuta sentimita 25 juu ya ardhi kwa mawe au matofali na ujaze mchanganyiko huo huo.

Maji yatoke wapi

Maji bora kwa majani ni ya mvua, kwa sababu hayana chumvi wala chokaa. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua moja ya milimita 20, linakupa karibu lita 800 hata baada ya kutoa yanayopotea njiani. Pipa liwe na kifuniko au chandarua, mbu hawana huruma.

Ya pili ni maji ya udhu, na haya nayasifu kuliko yote kwa sababu yapo kila siku, kiangazi na masika. Ni maji safi, hayana sabuni. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita mbili tu kila mara, kwa sala tano ni lita 60 kwa siku. Hizo ni ndoo tatu. Kwetu mahali pa kutawadhia pana sakafu iliyoinuliwa kidogo, nimeichongea mfereji mwembamba unaopeleka maji moja kwa moja kwenye ile ncha ya tuta yenye kina. Majimbi yangu hayajapata kumwagiliwa kwa ndoo toka siku hiyo. Hakikisha tu mfereji haukutani na maji ya choo.

Maji ya kuoshea mchele na samaki yanafaa, ila ya samaki yamwage chini ya matandazo, vinginevyo paka watalifukua tuta. Maji ya kufulia yaache, sabuni ya unga inauharibu udongo. Na maji ya kisima yapime kwa sabuni ya mche: ukisugua na povu likakataa, yana chokaa au chumvi nyingi. Yatumie kama huna mengine, lakini kila ukipata mvua kubwa acha tuta lisuuzike.

Ukiweza, fukia mtungi. Huu ni ufundi wa kale na sijaona kinachouzidi kwa wakati wa kaskazi. Chukua mtungi wa udongo wa kawaida, usiopakwa rangi wala vanishi, wa lita nane au kumi. Ufukie katikati ya tuta mpaka shingoni, mdomo ukibaki nje. Jaza maji na funika kwa kifuu. Udongo wa mtungi unatoa jasho, na kadiri udongo wa nje unavyokauka ndivyo mtungi unavyotoa zaidi. Mimea iliyo kiasi cha sentimita 40 kuuzunguka inakunywa humo. Kwa tuta letu mitungi miwili inatosha, na wakati wa joto naijaza kila baada ya siku tatu. Siku ya kwanza weka mkono kwenye ubavu wa mtungi kabla hujaufukia: umejaa maji, unausikia baridi na unyevu kwenye kiganja. Ukiwa mkavu kabisa, mfinyanzi ameuchoma sana au umeshapakwa kitu, haufai.

Usipokuwa na mtungi, mwagilia asubuhi, ndoo moja kwa kila mita ya mraba, siku moja ndiyo na moja siyo. Kopo moja kila jioni ni kuwadanganya, mizizi inapanda juu kutafuta ule unyevu mdogo na jua linaikuta. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili, ukisikia baridi, leo usimwagilie.

Mimea yenyewe

Majimbi ndiyo mwalimu. Sote tunayajua kwa futari ya Ramadhani, yamepikwa kwa nazi, na wachache tunayatazama kama pambo, ilhali jani lake likiwa limeshika matone ya mvua ya asubuhi halina mpinzani uwani. Yapande kwenye ncha ya maji, umbali wa sentimita 60. Kuna ndugu zake wa mapambo, meusi ya zambarau na ya madoa, nayo yanataka maji vile vile.

Alokasia inafanana nayo, ikawachanganya hata wauzaji. Itazame ilivyokaa: jani la jimbi linaning'inia, ncha ikitazama chini, wakati alokasia kubwa inalisimamisha jani, ncha juu. Tofauti hii ina maana kwako, kwani alokasia inataka unyevu lakini ikikaa majini kiazi chake kinaoza. Ipande katikati ya tuta.

Na kwa jambo hili nasisitiza: majimbi ya kula na ya mapambo yasikae tuta moja. Yote yana vijisindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti vinavyowasha mdomo na koo, na yale ya kula yanahitaji kupikwa vizuri ndipo yasiwashe. Alokasia, kaladiamu na difenbakia, zote mimea ya mapambo, si za kula kabisa, kwa mtoto wala kwa mbuzi. Waambie wote nyumbani, mgeni anayekuja kusaidia jikoni naye aambiwe. Ukikata mashina yake vaa glavu au mfuko mkononi, na usijiguse macho.

Kangaga ni ya upande wa matundu. Panda taji lake, pale yanapotokea majani, liwe sawa na uso wa udongo. Ukilifukia linaoza. Mtu akishapanda kangaga, miezi michache baadaye hugeuza jani na kukuta madoa ya kahawia yamepangwa safu nyuma yake, akadhani ni ugonjwa akapiga dawa. Humo ndimo zinamokaa spora zake, vumbi lenye uhai linalofanya kazi ya mbegu. Yaache. Ukienda Jozani au Ngezi utaiona kangaga inavyoishi yenyewe: majani yaliyooza juu, maji chini, upepo haufiki. Itazame huko ujifunze, lakini usiing'oe. Misitu hiyo inalindwa, na kangaga iliyotolewa msituni mara nyingi inakufa njiani.

Kaladiamu ina tabia ya kulala. Kiangazi kikiingia majani yanaanguka yote, na mtu anachimba mahali pale akipanda kitu kingine, akikata kiazi kilicho hai. Chomeka kijiti kila ilipo. Masika yakianza itarudi. Manjano nayo ni hivyo hivyo, na jani lake pana ni zuri kuliko mengi yanayouzwa kwa bei kubwa.

Hiliki ningeipa nafasi katika kila nyumba. Ndiyo hiyo hiyo ya chai, jamaa ya tangawizi, inapenda kivuli na ardhi baridi, na ukilipapasa jani lake harufu inabaki kwenye vidole. Inarefuka kupita kimo cha mtu, kwa hiyo ipande nyuma, na uipande kwa ajili ya majani na harufu, usihesabu punje.

Kalathea, maranta na aglaonema ni za mbele na katikati. Aglaonema ndiyo inayostahimili kuliko zote, mtu anayeanza aanze nayo. Kalathea ni ya mwisho kununua, baada ya tuta kutimiza mwaka, kwani ndiyo ya kwanza kulalamika maji yakiwa na chumvi.

Wapemba wana hazina yao. Mpapindi ni mti wa jamaa ya minazi ambao mwituni hauoti pengine popote duniani isipokuwa Pemba, na wataalamu wameupa jina la kisiwa chenyewe. Ungali mdogo unapenda kivuli na unyevu wa aina hii hasa, majani yake yakiwa kama unyoya, shina jembamba lenye pingili. Tafuta mche kwenye kitalu, uupande pembeni mwa tuta ambako utaweza kurefuka.

Kupanda na kufunika

Panda mvua za kwanza za masika zikishalowesha udongo, au mwishoni mwa Oktoba kwa vuli, lakini wa vuli utabidi kuubeba kwa maji mpaka Machi. Panda jioni. Mche utoe kwenye mfuko wake bila kuuvunjia udongo, uzame kiasi kile kile ulichokuwa.

Kisha funika. Matandazo ya sentimita saba au nane: majani makavu ya mwembe, majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, makumbi yaliyooshwa. Yasiguse shina. Tuta lisilofunikwa linapoteza maji kuanzia asubuhi, na kazi yote ya turubai na mtungi inakwenda bure. Yanayooza unaongeza, takriban kila miezi mitatu. Machicha ya nazi usitupe humo, yanaita sisimizi, na sisimizi wanawafuga vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, kwenye makwapa ya majani.

Yakiharibika

Konokono ndiye adui mkubwa, hasa wale wakubwa wa masika. Wanakuja usiku, na asubuhi jani la jimbi limekuwa chekecheke. Toka na tochi saa tatu za usiku baada ya mvua, waokote kwa mkono uliovaa mfuko, kisha unawe kwa sabuni, kwani wanaweza kubeba minyoo inayodhuru watu. Siku tatu mfululizo zinatosha kupunguza. Watu hunyunyizia jivu kuwazuia. Likiloa halifanyi kazi, na kwetu linaongeza chokaa juu ya chokaa, kwa hiyo mimi silitumii.

Vidung'ata, ile pamba nyeupe makwapani mwa majani, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha osha. Utitiri huja kaskazi, jani linapauka na kuwa na vidoa vidogo. Nyunyizia maji chini ya majani kila asubuhi kwa wiki.

Majani yanasema, ukijua kuyasoma. Majani mapya yakiwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, ni chokaa imeufungia mmea chuma: ongeza mboji, mpe maji ya mvua, na dawa ya chuma ya kupulizia kwenye majani inapatikana katika maduka ya pembejeo. Majani ya zamani ya chini yakigeuka manjano kabisa, mmea una njaa, mwekee samadi. Ncha na kingo zikiwa kahawia na kavu, ni chumvi ama upepo. Waliokaa karibu na pwani upande wa mashariki, kusi linawaletea chumvi juu ya majani. Yasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara mbili kwa wiki mpaka upepo utulie. Shina likilainika chini na kunuka, maji yamezidi, matundu ya turubai yameziba. Chomeka ufito mpaka sakafuni uyazibue.

Mbu. Visahani vya chini ya vyungu vijaze mchanga, na vilivyobaki vimwage kila wiki, maana kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku chache tu zaidi ya hapo. Makwapa ya majimbi pia yanatuama maji. Mara moja kwa wiki yapige kwa maji ya mpira yatoke.

Mwaka wa pili, mwezi wa Machi, tuta litakuwa limeshuka kiganja kizima na kangaga zimebanana. Zing'oe kwa uma wa shamba, kata kila fungu vipande vitatu kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na mizizi na majani machanga. Katikati pakiwa pamekufa patupe. Kabla hujavirudisha tia ndoo nne za mboji na mbili za makumbi mapya yaliyooshwa, na vile vitakavyobaki vyote vifunge kwenye gazeti lililoloweshwa uwape majirani siku hiyo hiyo, kabla mizizi haijakauka.